Nilikosa Makala

Jumamosi, 5 Septemba 2015. Bwera

Tumefika, na mvua imetutangulia. Nyumba tuliyopangiwa ina paa la mabati, ikinyesha hakuna anayemsikia mwenzake, jambo ambalo kwa nyumba yenye wanasheria watano huenda ni rehema. Chuo kimetuleta kwa muhula mzima tuwape watu wa mpakani msaada wa kisheria bila malipo. Wanafunzi wa mwaka wa nne tuko watatu: mimi Atuhaire, Masereka, mwenyeji wa Bwesumbu huko juu mlimani, na Achille, Mkongo wa Butembo, aliyekimbilia huku na mama yake akiwa bado shule ya msingi. Walimu wawili. Profesa Bamwine alikuwa wakili wa mahakama za jeshi kabla hajaanza kufundisha, na Kiswahili chake mpaka leo kimevaa buti. Daktari Kobugabe ni mdogo kwa umri, mkimya, na akikuuliza swali unajuta hukusoma zaidi.

Baada ya chai Daktari ametangaza utaratibu. Kila Jumamosi tutajadili makala moja ya kitaaluma iliyoandikwa na mmoja wetu. Hatutakaa darasani, tutakaa jikoni, penye moto. Kiingereza kibaki mlangoni. "Kama hauwezi eleza jirani kwa lugha yake," alisema, "hiyo kitu bado haujaelewa." Na mwenye makala ndiye mpishi wa siku hiyo, wala haruhusiwi kutamka neno mpaka chakula kipakuliwe. Watu waichane kazi yake huku yeye akikoroga.

Profesa akafupisha: "Pika. Funga mdomo. Sikiliza. Basi."

Masereka aliguna. Mimi nilifurahi kimoyomoyo. Kwa Kiswahili, nani wa kunishinda humu? Baba ni Mkenya aliyeletwa Hima na kazi ya saruji, mama ni Mnyankole, na kwa kuwa kila mmoja alikataa kujifunza lugha ya mwenzake, sisi watoto tulilelewa kwa Kiswahili tupu. Najua naringa. Acha niringe kidogo.

Jumatatu, 7 Septemba

Mvua. Mzee mmoja amekuja kumshtaki mbuzi wa jirani. Si jirani, mbuzi.

Jumamosi, 12 Septemba

Leo ilikuwa zamu ya Masereka. Makala yake ni kuhusu ardhi za mlimani na makaburi, kwamba kwao kaburi la babu ni hati kuliko hati. Alipika obundu, ule ugali wa muhogo, na kwa hasira za kutoweza kujitetea aliusonga mpaka ukawa mgumu wa kujengea ukuta. Profesa alizipiga tanbihi zake moja moja. "Hii umetoa wapi? Hii je? Hii ni uvumi!" Masereka jasho linamtoka, mwiko mkononi, mdomo umefungwa. Nilicheka mpaka nikaona aibu.

Nampenda Profesa. Akisoma makala ya mwanafunzi huisoma kama hukumu ya mahakama kuu, kwa kalamu nyekundu na kwa heshima zote.

Achille ananichosha. "Mutu", "bantu", "iko", sentensi haina kichwa wala mkia. Nilimsahihisha mara nyingi, mwishowe akaniuliza kwa upole, "Mutu na mtu, si ni ule ule mumoja?" Nikamwambia hapana, mmoja amesoma.

Jumatano, 16 Septemba

Nimeshinda Mpondwe, sokoni, mahali makala yangu ilipozaliwa likizo iliyopita. Niandike hapa kwa ufupi inasema nini, maana nikiweza kuieleza kwa mistari michache nitajua nimeielewa.

Akina mama wanaouza sokoni, wa pande zote mbili za mto wa mpakani, hawapelekani mahakamani. Wakigombana huketi kwenye mabenchi nyuma ya wauza samaki wa kukausha. Anayelaumiwa husimama na kusema, "Nilikosa." Wengine hujibu, "Tumesikia." Kuanzia hapo hapana tena kurushiana maneno. Wanazungumza tu kuhusu nini kifanyike. Mimi nimeliita jambo hili sheria inayoanza na kukiri: sisi mahakamani tunatafuta ushahidi kwanza na kukiri baadaye, wao wanakiri kwanza, na ushahidi hawauhitaji tena. Nimekulia kanisani. Nilipomsikia mwanamke wa kwanza akisema "nilikosa" nilimwona kama yuko kwenye sala ya toba, akijipiga kifua.

Mkubwa wa mabenchi ni Mama Kaswera, mama mdogo wa Achille, muuza mawese. Alinikaribisha vizuri. "Karibu mutoto yangu, ikala, usikawie kusimama."

Profesa amekwishaisoma makala na kuniandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Nzuri. Sana." Nimeikata hiyo pembe ya karatasi nikaibandika ukutani juu ya kitanda.

Jumamosi, 26 Septemba

Zamu ya Achille. Alipika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese na samaki, nasi tulikula mpaka tukanyamaza. Makala yake inadai kwamba hapa mpakani watu wengi hufungwa na mkalimani kabla hawajafungwa na hakimu. Mshtakiwa anasema neno la kwao, mkalimani analisikia kwa sikio la kwake. Kilipopakuliwa chakula nilimwambia ametia chumvi. Kiswahili ni Kiswahili, nikasema, anayetaka kuelewa ataelewa.

Achille alitabasamu. "Sawa, Atuhaire." Daktari Kobugabe aliandika kitu kwenye daftari lake na hakuniangalia.

Jumamosi, 3 Oktoba

Hatukukutana. Barabara ya Kasese imekatika na Profesa amekwama Kikorongo na malori. Alipiga simu: "Niko hapa. Nakula samaki. Endelea kusoma."

Jumamosi, 10 Oktoba

Leo lazima niandike yote.

Ilikuwa zamu yangu. Nilipanga kupika firinda, maharage yaliyomenywa, chakula cha kujivunia. Asubuhi nikagundua nakala zangu zilizochapwa zimebaki ofisini kwetu huko mjini. Nikampigia Achille, aliyekuwa huko huko: "Ukirudi, pitia uniletee makala. Usirudi bila makala, tafadhali, leo ndiyo leo." Akasema, "Ndiyo, ndiyo, makala."

Saa zikapita. Mvua ikashuka kama imetumwa. Profesa na Daktari wameketi, Masereka anasugua mikono akisubiri kulipiza yale ya obundu. Makaa tuliyokuwa nayo yamekwisha na mimi napuliza kuni mbichi, macho yananitoka machozi. Ndipo Achille akaingia, ameloa mpaka viatu vinalia, mikono mitupu.

"Atuhaire," akasema, akihema, "makala nilikosa."

Nikadhani ameziangusha kwenye matope. Lakini nilimwona alivyoloa, nikamwonea huruma. "Usijali, kaka. Nimekusamehe. Tutasoma kwenye simu."

Akanikodolea macho. "Unanisamehe nini? Sikukukosea kitu. Makala haiko! Tangu asubui mvua inanyesha, bantu bote banatafuta makala. Nilienda Bwera yote, nilienda mupaka Mpondwe, gunia hata moya haiko."

"Gunia la makala?"

"Ee! Ya kupikia!"

Masereka ndiye aliyeelewa kwanza, akaanguka kwenye mkeka. "Bambi! Kwao makala ni makaa! Ametembea mvua yote kuyatafuta! Sisi tunataka karatasi, yeye anatafuta ya moto!" Hata Daktari alicheka, jambo ambalo sijawahi kuliona. Profesa alijifuta machozi kwa leso: "Makala iko mbili. Moja inapika. Moja inapikwa."

Nilicheka nao. Nilicheka kwa dhati, mwiko mkononi. Kisha kicheko kikanikatika katikati.

Nilikosa. Achille hakuwa ameomba radhi. Hakuwa amekiri chochote. Alisema hakupata. Mimi nikasikia toba, nikamsamehe mtu ambaye hakunikosea.

Na ukurasa baada ya ukurasa wa makala yangu unasimama juu ya neno hilo hilo.

Nikafungua mdomo. Profesa akanyoosha kidole. "Wewe! Funga. Bado haujapakua."

Sheria ni sheria. Nikaufunga. Nikageukia sufuria, na kuni mbichi hazikuwa na haraka. Nyuma yangu mjadala ukaanza. Masereka, msaliti, aliisifu. Daktari aliuliza, taratibu, kama mwandishi aliwahi kuwauliza wale akina mama wanamaanisha nini wakisema vile. Hakuna aliyemjibu, maana wa kujibu nilikuwa mimi. Achille alitazama miguu yake. Nilielewa kwamba alijua. Alijua tangu Septemba, na mimi nilimwambia kuna mtu na kuna mutu.

Kisha Profesa akatoa karatasi kwenye mkoba wake. Ameandika mwongozo wa usuluhishi kwa wazee na viongozi wa vijiji vya mpakani. Atausoma tarehe ishirini Novemba, Kasese, kwenye mkutano wa wanasheria, mbele ya mahakimu, na mimi nitasoma makala yangu siku hiyo hiyo. Akasoma kifungu cha nne kwa sauti: yeyote atakayesema "nilikosa" mbele ya wasuluhishi ataandikwa kuwa amekiri kosa lake. "Sababu ni makala ya huyu binti," akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari ya baba.

Maharage hayaivi kwa machozi, nimeyajaribu. Akilini nilimwona tena yule mwanamke wa kwanza niliyemsikia mabenchini: aliahidi kuleta ndoo za mawese, mzigo wake ukazuiwa upande wa pili wa daraja, akasimama na kusema nilikosa. Kwa kifungu hicho ataandikwa mkosaji. Na aliyemwandika ni mimi.

Nilipopakua hatimaye, wote walikuwa na njaa na Profesa alikuwa amekwisha kuisifu makala mpaka mwisho. Nikasema, "Profesa, makala yangu si sahihi." Akacheka, akasema kila mwandishi hodari husema hivyo, nipe chumvi.

Nikampa chumvi.

Jumapili, 11 Oktoba

Kanisani, tulipofika kwenye toba, sikujua nijipige kifua kwa lipi.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimemwambia Profesa rasmi, verandani, na Achille pembeni yangu kama shahidi. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: "Hapana. Wewe ulisikia vizuri. Sasa unaogopa. Kijana akiandika kitu kubwa anaogopa." Nikasema siogopi. Akasema, "Mwongozo iko tayari. Wakubwa wamesoma. Haiwezi rudi nyuma." Akafungua gazeti.

Ni mara ya kwanza kumwona kama mtu mzima wa kawaida, mwenye tumbo, asiyetaka kusumbuliwa. Iliniuma, na nilipata nafuu pia.

Achille aliniambia tukirudi ndani: "Yeye si mubaya. Anakupenda, njo maana hataki kusikia."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema: "Ulikuwa unanisahihisha kila siku. Nilisema, mwalimu asahihishwe na nani?"

Nyani haoni kundule. Nimemwomba radhi, kwa Kiswahili cha kitabuni, kirefu, chenye viambishi vyote mahali pake. Akasema amenielewa isipokuwa maneno machache.

Jumamosi, 17 Oktoba

Hakuna mjadala leo, nimekwenda Mpondwe na Achille kusikiliza upya. Tulikaa mabenchini tangu soko lilipofunguliwa. Kulikuwa na shauri: Yvette, binti anayeuza vitenge, alikuwa ameahidi kumtunzia mwenzake nafasi mezani siku ya soko, na nafasi ikakaliwa na mtu mwingine. Akasimama. "Nilikosa."

Yule mwenzake, hasira zimempanda, akaruka: "Ulikosa nafasi, ao ulinikosea mimi? Sema!"

Mabenchi yote yakamzomea kwa pamoja. Mama Kaswera akampungia mkono wenye mafuta: "Ah-ah! Ile hatuulizaki. Tumesikia." Na wote wakasema tumesikia, na yule mwenye hasira naye, kwa shingo upande. Wakahamia kwenye suala la soko lijalo nani akae wapi.

Achille na mimi tulitazamana. Nilidhani nimekuja kufuta maana moja na kuandika nyingine. Kumbe nilitakiwa kuzibakiza zote mbili. Neno lina mlango huku na mlango kule, na ustaarabu wao wote ni kutomwuliza mtu ameingilia upi.

Tulijadiliana njia nzima. Yeye alisema hiyo si sheria, ni adabu. Nikasema sheria nzuri ni adabu iliyopata benchi la kukalia. Akasema niandike hiyo. Nikasema tayari. Sikumbuki siku niliyofurahi hivi kwa kubishana, na matope yalitufika magotini.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nimeandika upya wiki nzima. Daktari Kobugabe amesoma, akasema neno moja, "Sasa," akanirudishia.

Nimeweka jina la Achille kando ya langu. Amekataa. "Mimi nilienda tafuta makala tu."

Nimeliacha pale pale.

Jumatatu, 2 Novemba

Profesa hanywi chai nasi. Anatoka asubuhi na mwavuli, harudi mpaka jioni. Masereka anasema ameanza kulima. Nimeibandua ile pembe ya karatasi ukutani, si kwa hasira, ila maneno yale yalikuwa ya makala nyingine.

Jumanne, 10 Novemba

Mvua, mvua, mvua. Mzee wa mbuzi amepatana na mbuzi.

Ijumaa, 20 Novemba. Kasese

Ukumbi wa hoteli, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe. Mahakimu mbele, mawakili katikati, na nyuma kabisa, kwa mwaliko wa Achille, Mama Kaswera na wenzake wa mabenchini, wamejipamba vitenge vipya. Profesa alikuwa mezani, mwongozo mbele yake. Hatukuwa tumezungumza vya kutosha kwa mwezi mzima. Sikujua kama nikisema nitakayoyasema nitakuwa nimemvunjia heshima mbele ya watu aliowafundisha wengi wao.

Nilianza hivi: "Makala hii ilikwisha kuandikwa mara moja, na iliyoandikwa kwanza haikuwa sahihi. Mimi mwandishi sikusikia vizuri." Nikaeleza makala ya kupikia na makala ya kusoma. Ukumbi ulicheka, nami nikapata pumzi. Nikaeleza milango miwili. Nikamalizia kwa kusema kwamba yeyote atakayelifunga neno hilo kwa maana moja atakuwa amelivunja benchi lenyewe. Sikumwangalia Profesa.

Hakimu mmoja akainua mkono. "Binti, mahakama haiwezi kuandika mashairi. Huyu mtu alikosa, au alikosa?"

Watu wakacheka. Kabla sijajibu, Profesa akasimama. Akavaa miwani, akauchukua mwongozo wake, akauinua ili wote wauone.

"Kifungu ya nne," akasema. "Futa."

Mahakimu wakageuka kumtazama.

"Nilikwenda soko. Sitaki mtu aniambie, nilikwenda mimi. Nilikaa benchi. Mvua ilininyeshea. Nilisikiliza watu, siku nyingi. Kifungu ya nne ilikuwa amri. Haikuwa sheria. Mimi najua tofauti, nilisahau." Akatoa kalamu yake nyekundu na kukata mstari, mbele ya mahakimu, pole pole, kama anavyotukatia sisi. Kisha akanigeukia. "Tanbihi yako ya tisa. Bado mbovu. Rekebisha."

Nililia, na sijali nani aliniona. Masereka alipiga makofi kabla ya wakati na Daktari hakumzuia.

Nje, kwenye sambusa, Daktari aliniambia makala itachapishwa katika jarida la kitivo, majina mawili. Mama Kaswera akanishika mkono. "Ulisema vizuri, lakini ile Anglais ya karatasi, sisi tutasoma na nini? Siku ya yenga uniletee ile karatasi mu Kiswahili." Nikamwahidi kuitafsiri kutoka Kiingereza. Siku ya yenga, yaani Jumapili. Kesho kutwa.

Jumapili, 22 Novemba. Mpondwe

Jua limetoka, mto umepungua. Nimekwenda mabenchini na Achille baada ya misa, kuaga, kwa kuwa muhula umekwisha na gari la chuo linakuja kesho.

Akina mama walikuwa wameketi wote. Mama Kaswera alinyoosha mkono kabla hata ya salamu. "Iko wapi?"

Jana nilikaa nayo mezani. Nilitafsiri ukurasa wa kwanza. Mchana Masereka alituita tukaoge mtoni, tukaenda. Jioni umeme ulikatika, hilo ni kweli. Na ni kweli pia kwamba kila nilipofika kwenye sentensi inayowahusu wao nilihofu wataisomaje, nikaweka kalamu chini. Yote hayo yalikuwa mdomoni, tayari kusemwa, kwa mpangilio, kama utetezi.

Nikasimama. "Nilikosa," nikasema.

Nilipolisikia limekwisha kutoka ndipo nilipojiuliza nimeingilia mlango upi, na sikujua. Mpaka sasa ninavyoandika sijui.

"Tumesikia," wakasema wote, na Achille pamoja nao.

Mama Kaswera akasogea, benchi likapata nafasi. Tukaanza kuzungumza nani ataichukua karatasi Bwera nikiituma kutoka chuoni, na lini.